Shahada ukutani, simu sikioni

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

WASOMAJI wengi wa ukurasa huu mnaijua vyema bahasha ya kaki. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua ya utambulisho na picha mbili za pasipoti. Mtu huibeba kwapani asubuhi, akazunguka nayo ofisi hadi ofisi, na jioni akairudisha nyumbani ikiwa imelowa jasho. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunaijua zaidi, maana bahasha zetu zilivuka mipaka kabla ya kuanza kuzunguka mitaa.

Jambo ambalo wengi hatuliamini ni kwamba bahasha hiyo ipo hata Ulaya. Tunadhani kijana wa Kizungu akimaliza chuo kikuu husubiriwa getini na gari la kampuni. Leo nataka kuwasimulia filamu moja ya Kiitaliano inayosema vingine. Inaitwa Tutta la vita davanti, yaani maisha yote yako mbele yako. Ilitoka mwaka 2008, mwongozaji wake ni Paolo Virzì, mwenyeji wa mji wa bandari wa Livorno. Ni filamu ya vichekesho, na hapo ndipo penye utamu na uchungu wake, kwa sababu inachekesha juu ya jambo lisilochekesha hata kidogo: msomi anayetafuta kazi.

Jina lenyewe ni kejeli. Maisha yote yako mbele yako ni maneno ambayo wazee humwambia kijana siku ya mahafali. Ni maneno ya baraka. Lakini mtu akiambiwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka akawa hana kazi, baraka inaanza kufanana na dhihaka.

Niliitazama nyumbani kwa ndugu mmoja aliyeishi Italia miaka mingi kabla ya kurejea Bujumbura. Kwa kuwa sisi wengine hatujui Kiitaliano, alikuwa akitufasiria papo hapo, kama wafanyavyo wale wafasiri wa mabanda ya video, mara nyingine akiongeza chumvi yake. Tulijaa sebuleni: wahitimu wawili wasio na kazi, mwalimu mmoja mstaafu, watoto, na shangazi yangu, mfanyabiashara ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivusha vitenge na mafuta ya mawese kutoka Uvira. Nitarudi kwa shangazi baadaye, kwa sababu yeye ndiye aliyeielewa filamu kuliko sisi sote.

Dottoressa anakuwa yaya

Mhusika mkuu ni binti anayeitwa Marta, aliyeigizwa na Isabella Ragonese. Kwao ni Palermo, kisiwani Sicilia, kusini mwa nchi, lakini anasoma Roma. Sehemu hiyo peke yake ingetosha kutufanya tumwelewe. Tangu zamani, watu wa kusini mwa Italia wamekuwa wakipanda treni kwenda kaskazini kutafuta riziki, kama watu wa kwetu wanavyopanda basi kwenda mji mkuu.

Marta anahitimu falsafa kwa alama za juu kabisa. Italia alama za chuo kikuu huishia 110, na anayefanya vizuri kupita kiasi huongezewa neno la sifa juu yake. Marta anapata 110 na sifa. Tasnifu yake ni juu ya Martin Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani ambaye hata maprofesa husoma ukurasa wake mmoja mara tatu. Tangu siku hiyo anastahili kuitwa dottoressa, kwa sababu Italia kila aliyemaliza chuo kikuu huitwa daktari, hata kama hajawahi kushika sindano.

Basi dottoressa anaanza kuzunguka na bahasha yake. Kwa wachapishaji wa vitabu hakuna nafasi. Chuoni hakuna nafasi. Mchumba wake, msomi kama yeye, anapata nafasi ya utafiti Marekani na kuondoka. Mama yake ni mgonjwa kule Palermo, na Marta hataki kumwongezea mzigo. Kazi ya kwanza anayoipata ni ya uyaya: kumtunza mtoto Lara, binti wa msichana mmoja anayeitwa Sonia, mama asiye na mume na asiye na mpango wa kesho.

Kuna mahali Marta anamlaza yule mtoto kwa kumsimulia hadithi ya pango ya Plato, juu ya watu waliofungwa minyororo wakitazama vivuli ukutani na kudhani kuwa vivuli ndivyo vitu vyenyewe. Elimu yote ile ya chuo kikuu imekuwa hadithi ya kumbembelezea mtoto wa mtu mwingine. Tulicheka sana. Kisha wale wahitimu wawili wakanyamaza, na kimya chao kikatunyamazisha sote.

Nyimbo kabla ya kazi

Sonia anafanya kazi kwenye kituo cha simu nje kidogo ya Roma, kwenye kampuni inayoitwa Multiple. Hiyo ni kampuni ya kwenye filamu tu. Inauza kifaa cha nyumbani chenye kazi nyingi, cha bei kubwa, ambacho nyumba nyingi hazina haja nacho. Sonia anamwingiza Marta.

Kazi yenyewe ni hivi. Wasichana wanakaa kwenye safu ya meza, simu sikioni, karatasi ya maneno ya kusema mbele yao. Wanapiga simu majumbani kumwomba mwenye nyumba akubali kutembelewa na kijana wa kampuni atakayemwonyesha kifaa. Wanaojibu simu mchana ni wale waliobaki nyumbani: akina mama, wazee, wapweke. Wasichana wakipata miadi, vijana wa kiume waliovaa suti huondoka na sanduku kwenda kuuza.

Kila asubuhi kabla ya kuanza, mkuu wa wasichana, Daniela, anawaimbisha na kuwachezesha. Mwigizaji wake ni Sabrina Ferilli, mmoja wa nyota wakubwa wa Italia, na kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Nastro d'Argento ya mwaka 2008, tuzo inayotolewa na waandishi wa habari za sinema wa nchi hiyo. Virzì naye alitunukiwa mwaka huohuo. Daniela ni mkali na mpole kwa wakati mmoja, dada mkubwa na askari jela. Anayepata miadi mingi anapigiwa makofi na kupewa zawadi mbele ya wenzake. Anayeshindwa naye anasimamishwa mbele ya wenzake, ila si kwa makofi.

Wengi wetu tumewahi kuyaona haya. Nani hajakutana na vijana waliovaa mashati meupe na tai, wakiwa na mabegi, wakiuza sufuria, vitabu au dawa za kuongeza nguvu kwa kamisheni, waliokusanywa asubuhi kwenye ukumbi kupiga makofi na kuapa kuwa mwezi huu watakuwa mabosi? Nilipoona wasichana wa Roma wakiimba, nilijua wimbo ule bila kujua maneno yake.

Ajabu ni kwamba Marta anaiweza kazi. Falsafa inamsaidia. Anajua kusikiliza, anajua neno gani limguse nani, na jina lake linapanda juu ya ubao wa washindi. Virzì hakumfanya msomi mnyonge anayelia kila saa. Alimfanya hodari katika kazi asiyoiamini. Huo ni mtego wa hatari kuliko kukosa kazi, kwa sababu aliyekosa kazi hujua amekosa, lakini aliyepigiwa makofi anaweza kukaa miaka kumi akingojea makofi mengine.

Kuna pia kijana wa chama cha wafanyakazi, aliyeigizwa na Valerio Mastandrea, anayetaka kuwatetea. Ana nia njema na karatasi nyingi. Wale anaowatetea wanamwona msumbufu atakayewafukuzisha. Kuna muuzaji mmoja, aliyeigizwa na Elio Germano, anayejiaminisha kila siku kuwa yeye ni simba, mpaka siku mauzo yanapokauka. Mwisho wa kampuni ni mbaya na una damu. Sitausimulia, nisije nikawaharibia utamu mtakaoitafuta.

Hadithi iliyotokea kweli

Filamu hii haikuzuka hewani. Inatokana na kitabu cha mwaka 2006 cha Michela Murgia, mwanamke wa kisiwa cha Sardinia, kiitwacho Il mondo deve sapere, maana yake dunia lazima ijue. Murgia mwenyewe alifanya kazi mwezi mmoja kwenye kituo cha simu cha wauzaji wa mashine ya kufyonza vumbi, mali ya kampuni ya kimataifa. Kila alichokiona alikiandika: maneno ya kumnasa mama wa nyumbani, zawadi za kitoto, kuaibishana. Kitabu kilimfungulia njia. Mwaka 2010 alishinda tuzo ya Campiello, moja ya tuzo kubwa za fasihi Italia, kwa riwaya yake Accabadora. Alifariki Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 51.

Nimependa jambo moja kwake. Kampuni ilidhani imemwajiri mpiga simu, kumbe imemweka shahidi mezani.

Mkataba unaoitwa mradi

Ili kumwelewa Marta ni lazima kuelewa karatasi aliyotia saini. Italia ya wazazi wake ilikuwa na neno moja takatifu: posto fisso, kazi ya kudumu. Ukiipata umepona, unaoa, unakopa nyumba, unazeeka nayo. Kuanzia sheria ya mwaka 1997, na zaidi ile ya mwaka 2003, serikali iliruhusu aina nyingi za mikataba ya muda, kwa hoja kwamba kampuni zikiwa huru zitaajiri vijana wengi zaidi.

Mmoja wa mikataba hiyo uliitwa mkataba wa mradi. Kwenye karatasi, wewe si mwajiriwa. Wewe ni mshirika huru unayetekeleza mradi. Kwa kuwa uko huru, huna likizo ya malipo kama mwajiriwa, wala kinga ya kufukuzwa kazi. Mradi ukiisha, umeisha. Lakini uhuru huo haukuwa na ruhusa ya kuchelewa asubuhi, wala ya kukataa kuimba.

Mwezi Juni 2006, Wizara ya Kazi ya Italia, chini ya Waziri Cesare Damiano, ilitoa waraka kuhusu vituo vya simu. Ulisema kuwa mtu anayepokea simu za wateja hawezi kuitwa mshirika huru, kwa sababu hana uwezo wa kupanga simu ziingie lini, huyo aajiriwe. Lakini anayepiga simu kwenda nje anaweza kubaki na mkataba wa mradi, kwa sababu huchukuliwa kuwa anaweza kujipangia kazi yake. Tazameni jinsi mstari mwembamba unavyokata maisha ya watu. Wasichana wawili, vifaa vilevile masikioni. Mmoja simu inamjia, ni mwajiriwa. Mwingine anaipiga yeye, ni mfanyabiashara asiye na duka. Marta yuko upande wa pili.

Mikataba hiyo ya mradi ilifutwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kabla ya hapo hali ilizidi kuwa ngumu, kwani mwaka 2014, kati ya kila vijana 100 wa Italia wa chini ya miaka 25 waliokuwa wakifanya au kutafuta kazi, zaidi ya 40 hawakuwa nayo. Kiwango hicho kilishuka miaka iliyofuata, lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshazoea kuishi kwa mwezi mmoja mmoja.

Baba alipata kiti

Waitaliano wana desturi ya kucheka shida zao kwenye sinema, na shida ya kazi wameicheka na kuililia kwa muda mrefu. Mwaka 1961 mwongozaji Ermanno Olmi alitengeneza filamu iitwayo Il posto, yaani nafasi ya kazi. Kijana Domenico anatoka mji mdogo karibu na Milano, anakwenda kufanya mtihani wa kampuni kubwa. Hana shahada. Anapata kazi ya utarishi, na karani mmoja anapofariki, anapewa meza. Anakaa pale, na sura yake inaonyesha kuwa ameona maisha yake yote yatakavyokuwa hadi kustaafu. Filamu ile ilikuwa inasikitika: maskini kijana, amefungwa kwenye kiti maisha yake yote.

Miaka 47 baadaye, Marta mwenye 110 na sifa angekipokea kiti kile kwa magoti. Kilichokuwa huzuni kwa baba kimekuwa ndoto kwa binti. Huko shuleni Tanzania tulikoishi uhamishoni, tuliambiwa kila siku kuwa elimu ni ufunguo wa maisha. Filamu hizi mbili ukiziweka pamoja zinakuonyesha kuwa ufunguo upo, ila wakati sisi tukiuchonga, wenye nyumba walibadilisha kitasa.

Baada ya Virzì walikuja wengine. Mwaka 2009 ilitoka Generazione mille euro ya Massimo Venier, juu ya vijana wasomi wa Milano wanaoishi kwa euro 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2014 ikaja Smetto quando voglio ya Sydney Sibilia, ambamo watafiti waliotupwa na chuo kikuu wanageukia dawa za kulevya, uamuzi ambao filamu yenyewe hausifu. Humo mna msomi anayeomba kazi kwa wauza vyuma chakavu vya magari. Anaificha shahada yake kama mtu anavyoficha bidhaa ya magendo, maana akijulikana kasoma hatachukuliwa. Anajitahidi kuongea kihuni, lakini maneno yake ya chuo yanamponyoka mdomoni na kumuumbua.

Msomi anayeficha cheti! Hapo nilimkumbuka mtu ninayemfahamu vizuri, nafsi yangu. Tuliorudi Burundi kutoka Tanzania miaka ya 2000 tulikuja na vyeti vya Kiswahili na Kiingereza, tukakuta ofisi zinazoandika Kifaransa. Ofisi moja niliyokwenda, afisa aliishika stashahada yangu kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma kama anatafuta bei, kisha akaniuliza kama ninayo iliyo kamili. Miezi iliyofuata niliuza vocha za simu kituo cha mabasi, na mteja akiniuliza nimesoma wapi nilimjibu kuwa nimesoma kidogo tu. Watu hawapendi kununua vocha kwa msomi. Wanaona ni mkosi.

Mchuuzi asiye na mzigo wake

Sasa nirudi kwa shangazi. Wakati sisi tukibishana kama kosa ni la Marta kusoma falsafa badala ya uhasibu, yeye alikuwa kimya. Filamu ilipoisha akauliza maswali ya kibiashara. Huyo binti, simu analipa nani? Nauli ya kwenda nje ya mji analipa nani? Asipopata miadi siku nzima, ile siku inaandikwa hasara ya nani? Na bidhaa ikinunuliwa, faida inakwenda wapi?

Tulipomjibu, akasema, "Basi wanangu, huyo ni mchuuzi asiye na mzigo wake."

Kisha akatueleza kwa mfano wa mpakani. Yeye akivuka na madumu ya mawese, hasara ni yake: dumu likipasuka, mvua ikinyesha, mpaka ukifungwa, analala na njaa. Lakini mzigo ukiuzika, faida nayo ni yake, na hakuna anayemwimbisha asubuhi. Mfanyakazi wa mshahara naye ana upande wake: faida si yake, lakini hasara pia si yake, mwezi ukiisha analipwa. Marta amepewa upande mbaya wa pande zote mbili. Hasara yake, faida ya mwingine. Hakuna mama wa mpakani mwenye akili timamu angekubali biashara ya namna hiyo, na hawa ni wanawake ambao wengine hawajui kusoma.

Nimesoma maelezo ya wataalamu juu ya mikataba ya Italia. Sijaona yaliyonielewesha haraka kama maneno ya shangazi.

Kabla ya kuuza kiwanja

Shangazi hakuuliza yale maswali kwa kujifurahisha. Mwanawe wa mwisho, binamu yangu, ana shahada ya uchumi na miaka mitatu ya kuzunguka na bahasha. Kulikuwa na mtu aliyeahidi kumfikisha Italia kwa kupitia jangwani na baharini, na bei yake ilikuwa karibu sawa na thamani ya kiwanja ambacho shangazi alikinunua kwa madumu ya mawese, dumu kwa dumu. Mnunuzi wa kiwanja alikuwa ameshapatikana.

Usiku ule akamgeukia mwenyeji wetu. "Mwanangu, wewe umekaa huko. Kama dottoressa wao mwenyewe anapiga simu hivi, sisi wageni tunafanya nini?"

Mwenyeji alimjibu bila kuficha. Wapo wanaowauguza wazee majumbani, usiku na mchana. Wapo wanaoosha vyombo hotelini. Wapo wanaovuna nyanya kusini, Puglia, wakilipwa kwa kreti, na msimamizi akikata chake kwanza, cha usafiri na cha maji ya kunywa. Wapo pia waliofanikiwa, waliopata makaratasi, waliojenga nyumba kwao. Si haki kuwasahau. Lakini hakumjua hata mmoja aliyefika bila makaratasi na shahada yake ikasomwa na mtu.

Sitaki msomaji adhani nawakataza vijana kusafiri. Mimi mwenyewe nimeishi kwa sababu wazazi wangu walivuka mpaka wakati wa kuvuka. Waitaliano wenyewe waliondoka kwao kwa mamilioni, wakaenda Marekani, Argentina, Ujerumani na kwenye migodi ya Ubelgiji. Na kwenye filamu, mchumba wa Marta anaondoka vilevile, isipokuwa yeye anapanda ndege akiwa na barua ya mwaliko. Tofauti kati ya kusafiri na kutupwa ni ile barua.

Kiwanja hakikuuzwa. Binamu yangu hajaitoa Ulaya moyoni mwake, naye ana haki ya kuwa nayo. Kwa sasa anamwekea mama yake mahesabu, na katika wiki za mwanzo aligundua kuwa wakati wa kubadilisha fedha, kati ya faranga za Burundi, faranga za Congo na dola, shangazi alikuwa akipoteza zaidi kuliko anavyopoteza kwenye ushuru. Shahada ya uchumi imesomwa hatimaye, ila na mtu asiyejua kuisoma.

Maswali matatu

Kwa nini basi nimewasimulia filamu ya Waitaliano badala ya kuandika moja kwa moja juu ya vijana wetu? Kwa sababu ya kwetu tumeyazoea, tunayapita kama nguzo za umeme. Tukiyaona yakimpata binti wa Roma mwenye alama 110 na sifa, tunashtuka na kuanza kuyatazama upya. Tunaacha pia kuwaambia watoto wetu kuwa ni wavivu au wana mkosi. Marta hakuwa mvivu. Alifanya kila alichoambiwa na wazee afanye, na akakifanya kuliko wenzake.

Lakini filamu haimwachi mikono mitupu pia. Marta hakuitupa falsafa yake. Aliitumia kuelewa alipo, kumlea mtoto wa Sonia, na kuwaona wasichana wenzake kuwa watu, si namba za ubaoni. Mwenye elimu anaweza kunyimwa mshahara wa elimu hiyo. Akili aliyoipata nayo ni vigumu kumnyang'anya.

Kwa kijana atakayeitwa wiki hii kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, apewe soda na kuahidiwa utajiri wa kamisheni, namwachia maswali ya shangazi, niliyoyafupisha kuwa matatu. Ayaulize kabla ya kutia saini, na ayaulize kwa sauti, wenzake wasikie.

La kwanza: nauli, simu na vifaa vya kazi ni kwa gharama ya nani? La pili: siku nikifanya kazi na nisiuze, nitalipwa nini, na kimeandikwa wapi? La tatu: nikiuza sana, faida inayozidi inakwenda kwa nani?

Kama gharama ni zako, hasara ni yako na faida ni ya mwingine, hiyo si ajira. Ni biashara ya mtu unayoifanya kwa mtaji wako. Na kama ni lazima kufanya biashara, basi ni heri dumu lako moja la mawese, ambalo likipasuka utalia, lakini likiuzika utahesabu pesa zako mwenyewe.